Uzio Uliotetemeka

Skrubu ilimponyoka fundi, ikadunda mara mbili, ikavuka korido iliyofurika wanunuzi na kwenda kujificha chini ya kiatu chekundu. Fundi akaifuata kwa magoti, akiomba radhi kwa kila mguu aliougonga.

"Unatafuta nini miguuni mwangu?" sauti ikamuuliza.

Akainua macho. Gauni la rangi ya haradali, mikono imekunjwa hadi viwikoni, penseli imechomekwa kwenye nywele. Ndiye muuzaji mpya wa duka lililotazamana na la kaka yake fundi.

"Skrubu yangu, dada. Umeikanyaga."

"Basi niombe vizuri."

Tangu siku hiyo dada huyo akawa anamwita fundi Skrubu, naye fundi akamwita Jirani. Miezi haikuwa mingi, chai yao ikawa ya kikombe kimoja.

Ghorofa nzima ilikuwa ya kompyuta. Wote wawili waliuza kadi za picha, zile zinazochora michezo kwenye skrini, ila za makampuni mawili yasiyopikika chungu kimoja. Kadi hizo siku hizi hazichori picha nzima. Huchora ndogo, kisha huikuza kwa kukisia yaliyokosekana, ili mchezo ukimbie bila kukwama. Za Skrubu zilikisia kwa akili iliyofundishwa kwa maelfu ya picha. Za Jirani zilikisia kwa hesabu tupu.

"Akili yenu hiyo inabuni tu," Jirani alimtania. "Siku moja utanitazama kupitia kwayo, inipe pua nisiyokuwa nayo."

"Na hesabu zenu zitakupa pua mbili."

"Utanipenda hivyo hivyo?"

"Nikishajua nibusu ipi."

Ndipo akaja Mama Ukumbi, mwenye ukumbi mkubwa wa michezo ya kompyuta, akitaka kadi za ukumbi mzima.

"Maneno yenu nimeyashiba," alisema. "Niwekeeni skrini mbili, mchezo mmoja, nione kwa macho yangu."

Jirani alijua kuuza, mambo ya kufunga mitambo hakuyajua. Akamsukumia Skrubu kompyuta yake. "Zifunge zote mbili wewe, laazizi. Nimwamini nani mwingine?"

Kaka yake Skrubu, mwenye duka, alisikia. Akacheka mbele ya wateja. "Hivi wewe unauza au unaposa?"

Neno likamkaa Skrubu kooni kama mwiba wa samaki. Alipobaki peke yake na kompyuta mbili, ya kwake akaiweka kwenye mpangilio wa ubora. Kwenye ya Jirani kidole kikateleza hadi kwenye kasi, pale ambapo kadi hupewa kijipicha kidogo mno na kutakiwa ifanye miujiza. Ukweli ni kwamba kidole hakikuteleza. Alikisogeza mwenyewe.

Mchana Mama Ukumbi akavaa miwani. Kwenye skrini ya Jirani uzio wa waya ulitetemeka kama mtu mwenye homa, na mkimbiaji aliburuta kivuli mfano wa moshi. Kwenye ya Skrubu kila kitu kilitulia. Mama Ukumbi akaagiza za Skrubu kabla hajaivua miwani.

Jirani hakubisha. Aliutazama ule uzio kwa muda. "Kumbe," akasema, basi.

Kesho yake duka lake halikufunguliwa. Skrubu akampigia simu.

"Uko wapi, mpenzi?" Skrubu aliuliza.

"Nyumbani. Nawapigia wateja wangu. Wote niliwaambia hawataona tofauti na kadi zenu, sasa nawaomba radhi mmoja mmoja. Nimefika wa kumi na nne."

Skrubu akaweka bisibisi chini.

"Mmoja kaniambia yeye haoni kasoro yoyote," Jirani aliendelea. "Nikamwambia asinionee huruma. Lakini wewe Skrubu, wewe ulikuwa unajua kadi zetu ni mbovu. Mbona uliniacha niseme uongo miezi yote hii?"

Aibu ilimpanda kutoka nyayoni mpaka masikioni.

"Acha kupiga simu," alisema. "Njoo dukani. Mama Ukumbi nitamwita mimi."

Walipokusanyika, aliyatoa bila kuyapamba. "Niliipunja kadi ya Jirani. Yangu niliiweka kwenye ubora, yake kwenye kasi. Si kosa la kadi, ni langu."

Kaka yake ghafla akawa na kazi stoo.

"Na mimi nimekuja na gari la mzigo kuzichukua," alisema Mama Ukumbi.

Jirani hakumtazama Skrubu. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya kompyuta. "Nionyeshe ubora unawekwa wapi. Nitaweka mwenyewe."

Alimwonyesha kwa kidole kisichogusa. Kisha Jirani akazifunika kompyuta zote mbili kwa mtandio wake, zikaonekana skrini tu, isijulikane ipi ya nani, na Skrubu akaambiwa asimame koridoni ageuze mgongo.

Mama Ukumbi alitazama mpaka pua ikakaribia kioo. Uzio ulitulia huku na huku.

"Hii," akasema mwishowe. "Lakini kwa kiduchu tu."

Jirani akavuta mtandio. Ilikuwa ya Skrubu.

"Hata hivyo nachukua kwa Jirani," Mama Ukumbi akasema. "Hicho kiduchu wachezaji wangu hawatakiona. Huyo kijana nimeshamwona."

Jirani akamfuata Skrubu koridoni.

"Imeshinda yako. Ungeshinda tu, Skrubu."

Afadhali angempiga kofi.

"Na ningekupongeza," alisema, sauti imemshuka. "Nilishamwambia baba utakuja Jumapili. Nilimwambia juzi, kabla kadi yoyote haijashinda."

Skrubu alitazama sakafu, pale skrubu yake ilipowahi kupita. "Bado nije?"

Watu waliwapita na maboksi. Jirani akachomoa karatasi mfukoni. Majina kumi na manne, na namba za simu.

"Kwanza hawa. Waambie kadi zao ni nzima, na uwaambie kwa nini nilidhani si nzima. Halafu umwambie na baba, kabla hujaketi."

Skrubu akapiga ya kwanza. Jirani akasogea karibu kidogo, asikie kama anasema yote.