Mteremko Ambao Setilaiti Haikuuona Vizuri

Miaka ile ya tisini, mashariki ya Thika, watu walilima kwa mwethya. Leo kikundi kizima kiko shamba la huyu, kesho la yule. Nzisa anaukumbuka mpaka leo mlio wa majembe mengi, na akina mama wakiimba. Aliyelima peke yake alikuwa amekosana na watu.

Nzisa, mama yake Ndunge, na mumewe, Nzau, waliishi upande wa magharibi wa kilima, penye mteremko mkali. Kila familia ilikuwa imepewa miche ya kushika udongo. Kila mwaka, kabla ya kupanga zamu za kuchimba matuta, kikundi kilikizunguka kilima kwa miguu na kukagua miti. Aliyeiacha miti yake ife hakuchimbiwa.

Mwaka huo hawakuzunguka. Mwenyekiti, Mzee Makau, alipewa picha ya setilaiti na ofisi ya kilimo, akaibandika kwenye ukuta wa kanisa.

"Tutembee na jua hili lote ya nini?" alisema. "Kilima chote kiko hapa. Penye kijani pana miti. Penye kahawia hakuna kitu."

Upande wa mashariki ulikuwa kijani. Upande wa kina Nzau ulikuwa kahawia.

"Wee Nzau, ile miche ulipikia githeri?" Kaloki wa upande wa mashariki aliuliza. Watu wakacheka.

"Njoo nyumbani uione, Kaloki!"

"Nije ya nini? Picha imepigwa kutoka juu kabisa. Haina jamaa hapa wa kupendelea."

Zamu yao ikafutwa. Nzisa alikazia macho mteremko wao. Mvua zilikuwa karibu. Bila matuta, udongo ungeshuka mtoni pamoja na mahindi, na watu wawili hawangeweza kuchimba mteremko ule kwa wakati.

Kesho yake alienda Thika, akamkuta Magdalene, afisa wa kilimo.

"Madam, picha yenu imetutoa kwa mwethya."

Magdalene alimsikiliza mpaka mwisho. "Nitakuja," alisema. "Waite wote Jumamosi asubuhi, juu ya kilima, kabla ya chai ya saa nne. Setilaiti hupita saa kama hizo."

Siku hiyo Magdalene aliomba ungo, akautandazia majani ya kunde. Aliuinamisha kuelekea jua. Majani yakang'aa. Akaugeuza upande wa pili. Yakafifia.

"Nimepunguza majani?"

"Hapana," wakajibu.

"Setilaiti haihesabu miti. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwa majani. Sasa tazameni chini. Asubuhi jua liko wapi?"

Mashariki kulikuwa na mwanga mwingi. Upande wa kina Nzau, kilima chenyewe kilikuwa kimeukinga mteremko na jua.

"Kwa hivyo picha ni ya uongo?" Makau aliuliza.

"La, mzee. Pale tambarare inasaidia sana. Penye milima, lazima tuirekebishe kwa ramani ya miinuko, tujue kila mteremko ulipata jua kiasi gani. Hii yenu haikurekebishwa, na hatukuwaambia. Hata ikirekebishwa, bado mtu huenda kuona."

Wakateremka. Miti ya Nzau ilikuwa imewapita mabega.

"Wooi!" Kaloki alisema. "Na yangu mbuzi wamekula nusu!"

"Hiyo nayo picha haikusema," Nzisa akamjibu. Safari hii walimcheka Kaloki.

Makau alishika tawi moja, akaliachia. "Mama Ndunge, kesho tunaanza hapa kwako. Lakini ujue tunakula sana."

"Njooni tu."

Walichimba mpaka mteremko wote ukawa ngazi. Tangu hapo picha ilitumika kupanga njia ya ukaguzi, na miguu ikamaliza kazi.

Mvua ilipokuja ilinyesha kwa hasira. Ilipokatika, Nzisa alitoka nje bila viatu. Maji yalikuwa yametulia ndani ya matuta, moja baada ya jingine, na udongo wao ulikuwa bado nyumbani.