Mashine Iliyofundishwa Utani

Visikizi vilipaa kutoka kwenye paa la Ukumbi wa Jiji mara tu umati ulipojaa uwanjani. Vilikuwa vyombo vidogo, kila kimoja ukubwa wa ngumi ya mtoto, na vilielea juu ya vichwa vya watu bila mlio wowote. Chini yake maelfu ya wakazi wa Mvuleni walikuwa wakigonga ndoo tupu na kupayuka, kila mtu na lake. Vyombo vile vilizidaka sauti zote na kuzirusha kwa Msikizi, ubongo-mashine uliokaa chini kabisa ya Ukumbi. Msikizi alizichambua, akazipanga, na kabla chai ya Meya haijapoa akawa ameandika ukutani, kwa Kiswahili cha kueleweka, kile ambacho umati ule ulikuwa ukikitaka.

Ukuta ulisomeka hivi: "Wanataka maji yarudi. Wanataka Shirikisho liache kuvuta maji ya bwawa lao kwenda kupoza vinu vya Kituo cha Roketi. Wana hasira, lakini hawana nia ya kuvunja kitu. Mmoja anasema atamzika Meya kabla ya Jumapili. Huyo ni mtani."

Meya Skolastika Luhwago alicheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa cha meza.

"Osmund huyo," alisema. "Nani mwingine!"

Osmund Ngonyani alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa mapaani, wale waliolisha jiji kwa mchicha na nyanya zilizooteshwa juu ya maghorofa. Yeye Mngoni, Meya Mhehe, na mababu wa pande hizo mbili walichinjana zamani mpaka wakachoka, wajukuu wakabaki na matusi tu. Tangu hapo Mngoni anaweza kumwambia Mhehe neno lolote mbele ya yeyote, na Mhehe akinuna, kajiaibisha mwenyewe. Siku mume wa Meya alipozikwa, Osmund aliruka ndani ya kaburi akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Skolastika alipata kumwambia mtu kwamba bila kituko kile asingeondoka makaburini kwa miguu yake.

Utani huo ulimshinda Msikizi hapo mwanzo. Mwaka alipowashwa alisikia watani wakitishana msibani, akapiga king'ora, na polisi wakavamia matanga na kuwatia pingu wazee wanne waliokuwa wakigombea jeneza kwa mzaha. Jiji zima lilicheka, kisha likakasirika. Meya akamwita mhandisi wake mkuu, Fulgensi Chavala, kijana wa kwao aliyemsomesha na kumlea kama mdogo wake.

"Fulgensi," alimwambia, "mashine isiyojua utani haiwezi kukaa na watu wa huku. Ifundishe."

Fulgensi aliifundisha, na baada ya miezi michache Msikizi hakukosea tena. Meya alimpongeza mbele ya madiwani. Namna alivyofanya hakuuliza, maana mtu mwenye jiji la kuendesha huuliza mambo mengine kwanza.

Kitu kimoja tu aliking'ang'ania, nacho ni kiapo alichokula mbele ya wakazi: Msikizi atachukua sauti, hatachukua majina. Kwa kiapo hicho watu wa Mvuleni walikubali kusema mbele ya visikizi, na kwa sababu walisema, Meya alijua kinachowauma kabla hakijageuka moto. Miji mingine ya Shirikisho ilikuwa imenuka mabomu ya machozi kwa miaka. Mvuleni hakuna aliyekumbuka harufu yake.

Chai ilikuwa bado haijafutwa mezani pale kivulimwanga cha Waziri wa Usalama wa Shirikisho kilipotokea katikati ya ofisi, suti imekaa sawasawa, miguu haigusi zulia.

"Mheshimiwa Meya," alisema Waziri, "nasikia ndoo zako mpaka huku makao makuu."

"Zijaze maji, Mheshimiwa. Zitanyamaza."

"Maji ni ya Shirikisho zima. Nimekuja kukuomba kitu kidogo. Nipe majina ya wanaowachochea hawa, nami sitaleta askari."

"Hakuna anayewachochea, wana kiu. Na majina sina. Mashine yetu haimjui mtu hata mmoja."

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Waziri alimtazama kidogo, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, kisha akaaga kwa adabu na kutoweka. Meya aliona ameshinda. Alijitupia kitenge mabegani akateremka uwanjani, kama alivyozoea kufanya kila mambo yalipochacha.

Alikuta uvumi umemtangulia. Watu walikuwa wakivitupia visikizi jicho la pembeni, na wengine walikuwa wameanza kujifunika nyuso kwa kanga. Osmund alikuwa amesimama juu ya kreti la nyanya, kofia yake ya ukindu imeegemea sikio moja.

"Haya, Mhehe huyo!" alipiga kelele. "Mfungieni mbwa wenu, asije akamtia sufuriani!"

"Na nyinyi ficheni ng'ombe," Meya alimjibu. "Mngoni akiishiwa mboga anarudia kazi ya babu yake."

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Osmund akacheka pia, kisha akashuka kwenye kreti na kumsogelea. Sauti yake ilibadilika.

"Skola, tuweke mzaha kando kidogo. Hawa watu wana hofu. Wanasema Shirikisho linaokota majina. Hivyo vidude vinatuandika?"

"Havijui hata kama wewe ni Osmund."

"Uko tayari kuapa?"

"Naapa kwa mume wangu, ambaye ulimlalia kaburi."

Osmund alimtazama usoni, akatikisa kichwa kukubali, akarudi juu ya kreti. "Mmesikia wenyewe!" aliwaambia watu. "Mhehe ana makosa mengi, uongo hana. Fungueni nyuso zenu."

Wakazifungua, kanga zikarudi mabegani. Wakaanza kusema kwa nafasi, mmoja baada ya mwingine: kesho wataketi kwenye lango la bwawa, akina mama mbele, hakuna jiwe wala fimbo, na hawataondoka mpaka maji yageuzwe. Mwenye zamu ya kupika alisema atapika. Mwenye ufunguo wa lango, mfanyakazi wa bwawa, alisema atafungua. Yote hayo yalisemwa wazi, chini ya visikizi, na Meya akiwa amesimama palepale anafurahi.

Asubuhi vyombo vya anga vya Shirikisho viliteremka Mvuleni. Askari hawakwenda uwanjani, wala bwawani hawakukanyaga. Walikwenda kwenye milango ya watu, wakabisha kwa adabu, na kila walipofunguliwa walitaja jina.

Aliyemletea Meya habari ni Dafrosa, mke wa Osmund. Aliingia ofisini peku, udongo wa bustani umemganda mikononi.

"Mama Meya, wamemchukua. Tulikuwa juu tunang'oa mchicha uliokauka."

"Wamemchukua kwa kosa gani?"

"Hawakusema kosa. Walisoma tu kwenye kioo chao. Osmund Damasi Ngonyani. Hilo la Damasi ni la ubatizo, Mama, mimi mwenyewe nililisikia siku ya ndoa tu. Wakaendelea kusoma. Mngoni. Mtani wa Meya."

Meya alisimama, halafu akakaa tena. Duniani hapakuwa na mpelelezi wa kuandika maneno hayo. Mtu anayemsaka mchochezi huandika anakoishi na anachofanya. Nani mwingine angeona haja ya kuandika mtani wa nani ni nani? Alimkalisha Dafrosa kitini, akateremka ngazi mwenyewe mpaka chini kwenye chumba cha Msikizi.

Fulgensi alikuwepo, anakunywa maji ya chupa. Alipomwona hakujifanya kushangaa.

"Karibu, dada."

"Msikizi anayajua majina ya watu?"

"Anayajua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nimfundishe utani." Aliiweka chupa chini. "Dada, fikiria kidogo. Mngoni akimwambia Mhehe 'nitakuzika', ni utani. Mtu mwingine akisema neno hilohilo kwa sauti hiyohiyo, ni kesi ya polisi. Utani haumo kwenye maneno. Umo katika nani anamwambia nani. Mashine itajuaje kama haijui anayesema ni nani, kabila gani, ukoo gani, na kwao wanataniana na akina nani?"

"Kwa hiyo ukaipa."

"Niliipa kila kitu. Majina, makabila, nani kaolewa wapi, nani alichimba kaburi la nani. Hapakuwa na njia nyingine. Nilijaribu kila njia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umekwisha kuapa. Na hukuuliza."

Neno hilo lilimwingia Skolastika kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini alijua hayo si yote.

"Na Shirikisho? Nao waliuliza?"

Kijana aliangalia sakafu. "Waziri alinitafuta mwaka jana. Wana mpango wa kuweka visikizi katika kila jiji, na wananitaka nikausimamie. Jana alinipigia akasema ni majina au mizinga. Dada, nilichagua majina. Mizinga ingeua watu."

"Jana ulikuwa nyumbani kwangu," Meya alisema. "Ulikula ugali wangu. Nikakuambia Osmund amenisaidia kuwatuliza watu, ukasema vizuri sana. Ukaomba mboga ya kuongeza."

Hasira aliyokuwa nayo Skolastika saa ile hakuwahi kuwa nayo kwa mtu, wala hakujua mwilini mwake pana mahali pa kuiweka. Alitamani kumpiga kibao kama mama anavyompiga mwana. Aliona hata hicho hakimstahili.

"Zima kitu hiki."

"Ufunguo hauko kwangu tena, dada. Uko kwao."

Meya alipanda ngazi, akawaita mafundi umeme wa jiji, akawaamuru wakate nyaya zote za Ukumbi, taa, lifti na kila kilichokuwamo. Walimwangalia, wakaona hatanii, wakakata. Nje, visikizi vilipoteza nguvu na kuanza kuanguka uwanjani kimoja kimoja, vikidundadunda kwenye sakafu ya mawe.

Meya alitoka uwanjani akidhani watu watashangilia. Watu wachache waliokuwa pale, wengi wao wake na mama za waliochukuliwa, walisimama wakivitazama. Mwanamke mmoja aliinama akaokota kimoja, akakipima mkononi, kisha akamrushia. Kilimpata begani.

"Uliapa!" yule mwanamke alisema. "Mwanangu alikuwa amefunika uso. Akaufunua kwa ajili yako."

Meya aliendelea kutembea mpaka kwenye kambi ya Shirikisho, nje kidogo ya jiji, akadai kama meya aliyechaguliwa na watu aonyeshwe raia wake. Ofisa wa zamu alishauriana na wakubwa zake, akaruhusiwa kumpa nafasi ya kumwona mmoja. Pengine waliona hatawadhuru kitu tena.

Osmund alikuwa kwenye chumba cheupe, ameketi ukingoni mwa kitanda cha chuma. Kofia yake ya ukindu walikuwa wamemruhusu kubaki nayo. Skolastika alisimama mlangoni akavuta pumzi, kisha akaichangamsha sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"We Mngoni! Yaani serikali inakupa godoro na chakula cha bure, ndiyo umeamua kutuhama? Na huo uvivu wenu!"

Osmund aliinuka. Katika miaka yote ya kufahamiana kwao hakuwahi kumwinukia. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Karibu, Mheshimiwa Meya."

"Osmund, ni mimi."

"Nakuona, Mheshimiwa. Asante kwa kuja. Najua una mambo mengi."

"Sikujua kuhusu majina. Nakua—" Alikatisha. Kiapo chake cha mwisho ndicho kilichomleta mtu huyu humu ndani. "Fulgensi alinificha. Sikujua."

"Nakuamini, Mheshimiwa."

Na alimaanisha. Uso wake ulikuwa mpole, hauna kinyongo, na Skolastika angelipa chochote kuona kinyongo humo.

"Basi nitukane," alisema. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyafuta. "Niite lolote. Mla mbwa, mwoga, mtoto wa waliokimbia vita, chochote. Nitukane, Osmund, nakuomba."

Osmund aliinua macho kwenye kona ya dari, ambako chombo cheusi chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto kilikuwa kikiwaka taa ndogo, kisha akayarudisha kwake. Alitikisa kichwa taratibu.

"Tafadhali mwambie Dafrosa nipo salama," alisema. "Na uende vizuri, Mheshimiwa."