Vijitumbo Ndani ya Themosi

"Ndama katoka zizini. Narudia, ndama katoka zizini," redio ilikoroma.

Maana yake: mzigo wa maabara umeibwa.

Nelson Bidegain alikanyaga mafuta. Hilux ya kijivu ilikuwa mbele, ikikimbilia daraja la kutoka Uruguay kuvukia Argentina, na hiki kifiati cha serikali kilikuwa kinakohoa tu. Idara nzima ya ujasusi, halafu wanampa bastola mpya ya Glock na gari la kubebea viazi!

Simu ikalia. Daktari Olhaberry, mwenye maabara ya mifugo.

"Wameharibu friza, Nelson. Akiba yote imekufa. Vijitumbo vilivyobaki ni hivyo alivyoiba huyo wa Hilux."

"Kavibebaje?"

"Mirija minne, ndani ya themosi ya maji vuguvugu, joto la tumbo la ng'ombe. Miaka sita navikuza maabara, vitumbo vidogo hai, kutoka chembe za utumbo wa ndama mmoja aliyegoma kuharisha. Ndama wa watu wanakufa kwa kuharisha, na sina pengine pa kujaribia dawa. Niletee vikiwa hai, nakuomba."

"Nitavileta."

Akashika redio. "Forodha! Hilux ya kijivu, dereva ana themosi. Mcheleweshe. Kwa upole! Usimshtue, ana silaha."

"Nimekupata, mkuu," akajibu Cabrera, ofisa wa zamu.

Dakika tisa hadi darajani.

Fiat ikazimika mita mia mbili kabla ya kizuizi. Bidegain akaitukana yenyewe na mama yake, akatimua mbio.

Mwizi alikuwa kwenye dirisha la forodha, themosi kwapani kama Mruguay yeyote na chai yake ya yerba. Alipogeuka, mkono ukaenda kiunoni.

Akachelewa.

Bidegain alimpiga kumbo, akaidaka themosi kwa mkono mmoja, akamkandamiza chini kwa goti. Cabrera akafunga pingu.

Themosi nzima!

Akafungua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni.

"Nani kaweka maji ya moto humu?"

"Mimi," Cabrera akatabasamu. "Si ulisema kwa upole? Maji yake yalikuwa vuguvugu, mkuu, hayafai hata kwa yerba. Nikamwambia lete nikujazie. Angekataaje? Hapa nani anakataa maji ya moto?"

Bidegain alitaka kumkaba. Kisha akakumbuka amri ilikuwa ya nani, akatamani kujikaba mwenyewe.

Simu tena.

"Umempata?"

"Tumemkamata, Daktari. Hawakuambulia kitu."

"Sikukuuliza habari zao, Nelson."

Bidegain akafunga kifuniko.

"Vimeiva, Daktari."

 Bidegain alivaa miwani yake ya jua, akaikwapa themosi, akaanza kutembea kurudi kwenye Fiat.