Umeboa, Ochoki

"Ongeza gesi, nimesema! Nirudie mara ngapi?"

Geoffrey alishuka kutoka kwenye gari lake jekundu, shati limemgandia mgongoni. Lilikuwa gari la spoti la zamani, milango miwili, pua imeinama chini kama paka anayevizia panya. Mji mzima wa Suneka ulilipenda. Lakini AC yake, heri hata mtu apepewe kwa gazeti. Ilipuliza hewa ya uvuguvugu kama pumzi ya mgonjwa wa malaria.

"Mkubwa, gesi iko," Ochoki akajibu, macho kwenye geji ya kupimia gesi. "Nikiongeza nitakuulia kompresa bure."

"Mafundi wengine wote waliongeza!"

"Na ikapoa?"

Geoffrey akajifuta jasho. Kisha akalalamika kwa sauti ya chini kidogo. "Fundi, mimi kila siku nateremka Kisumu na joto lile. Nikirudi huku mvua inanyesha, nafunga vioo, naiva humo ndani kama ndizi kwa gunia."

"Basi hiyo ndizi tutaitoa kwa gunia," Ochoki akasema akicheka. "Niachie gari. Nataka kujua joto linaingilia wapi."

Mong'ina aliyasikia hayo yote akiwa nyuma ya cherehani yake, chini ya mabati, mahali alipokuwa akishona kiti cha abiria cha gari hilo hilo. Kazi yake ilikuwa viti, na kazi ya viti humfanya mtu awe na macho. Katika uwanja ule wa gereji alikuwa ameona mafundi wa kila aina. Yule wa kutukana wateja, yule wa kurusha spana bolti ikikataa. Ochoki hakuwa hao. Alifungua kila bolti kwa utaratibu, akaifuta, akaipanga kwa foleni kama mtu anayepanga mayai. Ukimfokea, anakusikiliza mpaka unaishiwa.

Alikuwa Mgusii wa jina, lakini alizaliwa na kulelewa Nairobi. Alirudi Suneka kwao akiwa mtu mzima, Ekegusii chake cha kuokota okota. Mong'ina alitoka Ekerenyo, darasa la nane akaishia hapo.

Jioni hiyo Ochoki alikuja na vikombe viwili vya chai, akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Mong'ina, Geoffrey anafungua gereji Kisumu. Anataka nihamie huko. Anataka jibu gari likitoka."

Sindano ikasimama.

"Na wewe unataka?"

"Mimi nataka kukuoa. Kisumu sina haja nayo. Lakini kama hunitaki, nitakaa Suneka nikifanya nini? Nikutazame tu ukichukuliwa na mwingine? Niambie unanionaje."

Mong'ina aliinamisha uso. Maneno yake hayakuwa ya haraka, na hili lilikuwa kubwa.

"Wacha nifikirie kidogo."

"Nitumie hata meseji. Kwa mdomo najua utaona haya."

Nyumbani aliandika, akafuta, akaandika. Alimkumbuka baba yake, mwanaume wa kuchemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Akakumbuka mume wa dadake, ambaye sahani kwake haikai mwaka. Mong'ina alikuwa ameapa kwamba hataolewa na moto kama huo. Na sasa Mungu alikuwa amemwekea kando yake mtu aliye kama kivuli cha mgomba. Hakuwa na sifa nyingine kubwa kuliko hiyo.

Shida ni kwamba kwao Ekerenyo, p haikai mdomoni. Inatoka ikiwa b. Na Mong'ina aliandika vile anavyosema:

"Ochoki wewe umeboa sana. Tangu nizaliwe sijaona mwanaume ameboa kama wewe."

Akatuma. Akalala akitabasamu.

Huko kwa Ochoki hakukuwa na tabasamu. Kwa lugha ya Nairobi iliyomlea, mtu aliyeboa ni mtu wa kuchosha, mtu ambaye ukikaa naye unapiga miayo. Aliisoma mara mbili, akajibu: "Sawa. Asante kwa kuniambia ukweli."

Mong'ina alipoisoma asubuhi akasema moyoni, naye ana namna yake ya kushukuru.

Lakini siku hiyo chai haikuja. Ochoki alijitumbukiza kwenye gari. Alikuta kondensa, ule wavu wa kupozea gesi mbele ya gari, imezibwa na matope na majani makavu, akaiosha kwa maji ya taratibu asije akakunja mapezi yake. Feni ilizunguka kivivu, akaweka nyingine. Hewa ikawa afadhali. Baridi yenyewe bado.

Simu yake ikalia.

"Ndiyo, mkubwa. Gari linaendelea. Na ile ya Kisumu, nakuja. Hapana, hakuna kitu kimenishika hapa."

Mong'ina akajidunga kidole. Akanyonya damu, akamwendea.

"Ochoki, kwani meseji yangu hukuiona?"

"Niliiona. Nikaielewa."

"Na bado unaenda?"

"Ungekuwa wewe, ungebaki?"

"Mimi nilisema kitu iko kwa roho yangu."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Akarudi chini ya boneti. Mong'ina akabaki amesimama, machozi karibu, hasira karibu zaidi. Lakini hata katika hasira hiyo aliona: yule mtu alikuwa ameumizwa na kitu, na bado hakugonga hata bolti moja kwa hasira.

Aliingia garini kufunga kiti alichomaliza. Juu ya kitambaa kipya kulikuwa na chembe nyeusi, kama ukoko wa ugali ulioungua. Akazipangusa. Ochoki alipojaribu feni tena, zikaruka nyingine kutoka kwenye matundu ya hewa.

"Ochoki! Hii uchafu inatoka wabi?"

Ochoki akaja, akachukua chembe moja, akaiponda kwa vidole. Uso ukabadilika.

"Hii ni sponji! Mong'ina, ndani ya dashibodi kuna kilango. Kinazuia hewa ya moto ya hita isichanganyike na ya baridi. Sponji yake imeoza! Kumbe tunapoza na kupasha kwa wakati mmoja."

Waling'oa dashibodi pamoja. Kilango kilikuwa kimebaki matundu matundu.

"Sasa sponji ya gari la zamani hivi nitatoa wapi?"

"Nibe kibimo," Mong'ina akasema.

Alikata sponji ngumu, akaivisha kitambaa kisichoogopa joto, akaishona ukingoni. Ochoki akaibandika kwa gundi ya kuhimili joto, akakifungua na kukifunga kilango mpaka kikakaa kimya. Mikono yao ikagusana mle gizani nyuma ya dashibodi. Wa Ochoki ukarudi nyuma.

Geoffrey alikuja jua likiwa kali. Akakaa kwenye usukani, Mong'ina kando yake akikagua mishono, Ochoki nje mlangoni. Injini ikanguruma. Hewa ikatoka, ikampiga Mong'ina usoni mpaka akafumba macho.

"Imeboa! Woi, imeboa!"

Geoffrey akamgeukia. "Imeboa? Dada, jamaa amevunja mgongo hapa, unasema imeboa?"

"Imeboa kabisa! Weka mkono uone! Imeboa kama asubuhi ya Ekerenyo ndani ya majani chai!"

Geoffrey akaweka mkono. "Mama yangu! Imepoa kweli!"

"Si ndiyo hiyo nasema? Imeboa!"

Spana ikaanguka kutoka mkononi mwa Ochoki.

"Mong'ina. Chai ikitolewa motoni, ikikaa, inafanya nini?"

"Inaboa."

"Na mtu asiyepiga kelele? Mtu mtulivu?"

"Huyo ni mbole. Ameboa. Kwani wewe ulisoma nini?"

"Nilisoma nakuchosha! Nairobi kuboa ni kuchosha mtu!"

Geoffrey alicheka mpaka akagonga honi kwa kifua. Mong'ina hakucheka. Alishuka garini, akasimama mbele ya Ochoki.

"Na hukuniuliza. Gari ya wenyewe unaifungua yote kutafuta joto inaingilia wabi. Mimi, neno moja tu, ukashindwa kuuliza?"

"Nilikosa."

"Umekosa sana."

"Nimekosa sana. Niliogopa ukilisema kwa mdomo litauma zaidi." Akamgeukia Geoffrey. "Mkubwa, Kisumu siji. Nimeshikwa hapa."

"Nimesikia, fundi. Nimepoteza mtu kwa sababu ya herufi moja!" Akafunga kioo, akabaki ndani akila baridi yake kama mfalme.

Mong'ina akatoa simu mfukoni, akapiga, akaweka spika.

"Baba, Jumabili nina mgeni."

Ochoki akashtuka. "Unamwambia mzee moja kwa moja hivyo?"

"Huyu ni mama. Kwetu Baba ni mama, Tata ndiye baba. Wewe ni Mgusii wa wabi?"

Kicheko kikamtoka Ochoki, cha mtu aliyeshusha mzigo.

"Ni nani huyo anacheka?" sauti ikauliza kutoka Ekerenyo.

Mong'ina akamtazama kijana wake, oili mashavuni, macho yamelowa.

"Ndiye mgeni mwenyewe, Baba."

Kisha mama akasema:

"Mwambie asikule kitu huko njiani. Akuje na njaa."