Vidole Vinne vya Ukoka

Mashine ya kwanza ilifika yenyewe saa ya chai. Ikagonga geti, ikapiga hodi kwa sauti ya kike yenye adabu nyingi, na kabla mwenye nyumba hajaitika ilikuwa imeshaupima uwanja wote kwa mwali wa buluu.

"Shikamoo, mteja," ilisema. "Majani yako yana hali mbaya. Lakini usijilaumu."

Filibert Gama, fundi pampu mstaafu wa Bombambili mjini Songea, alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Miaka hiyo watu walikuwa hawaendi tena madukani. Bidhaa zenyewe ndizo zilizozunguka mitaani kujinadi. Majiko yalikuja, vitanda vilikuja, hata meno ya bandia yalikuja na kigari chao. Ukitaka kitu ulitamka tu haja yako mbele ya simu, na kesho yake vitu vimepanga foleni getini kama machinga. Filibert alikuwa ametamka kwamba anahitaji mfyekaji, yaani ile mashine yenye akili unde inayokata majani ya nyumbani bila kusukumwa na mtu.

Alikuwa na haraka. Jumamosi ilikuwa arobaini ya mkewe, Wensela, na ndugu kutoka Peramiho na Mbinga wangekaa juu ya ukoka ule ule alioupanda marehemu kwa mikono yake. Tangu mazishi haukuwa umekatwa, na sasa ulifika magotini. Mfyekaji wao wa zamani alikuwa amefia kazini siku ile ile ya mazishi. Gari la maiti, ambalo lilijiendesha lenyewe, lilirudi nyuma kwa unyenyekevu mkubwa na kumkanyaga.

"Mimi nakata kwa mwanga," mashine iliendelea. "Kila jani litalingana na mwenzake. Sema tu, urefu gani?"

Filibert akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo tangu wakiwa maharusi: vidole viwili. Nyoka hana pa kujificha kwenye ukoka wa vidole viwili. Wensela alitaka sita, ili asubuhi akitoka peku umande umloweshe miguu. Kwake yeye, ukoka mfupi ulifanana na kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Kila asubuhi Wensela alipandisha wenzo wa mashine. Kila jioni Filibert aliushusha, na wenzo ukawa unaishia katikati. Kwa ubishi huo chai nyingi zilipoa katika nyumba ile.

Sasa hapakuwa na wa kumpinga. Alikuwa ameshinda.

"Ngoja kwanza," alisema.

"Urefu huo haumo katika mipangilio yangu," mashine ilijibu. Ikangoja kidogo, kisha ikaamua kutumia kipimo cha manispaa. Ilichoma ukanda mmoja wa ukoka mpaka udongo ukaonekana, ikauliza kama mteja ameridhika. Filibert aliitoa nje kwa ufagio.

Jioni binti yake alipiga simu. Tadea alifanya kazi katika kituo cha Mwezini, akitunza pampu zinazovuta maji ya barafu iliyoyeyushwa, ufundi aliourithi kwa baba. Sauti ya Mwezini huchelewa kidogo kufika, kwa hiyo watu wengi huishia kujibizana maswali yaliyokwisha kupita.

"Baba, umepata mashine?"

"Huko baridi, mwanangu?"

"Nauliza umepata... Ndiyo, baridi."

"Bado sijapata."

"Vaa sweta basi."

"Nani avae sweta?"

Kisha Tadea akasema taratibu, "Baba, ni majani tu. Waambie vidole viwili. Umeimba vidole viwili tangu nazaliwa."

"Mtandao unakatika," alisema Filibert, ingawa mtandao ulikuwa mzuri.

Siku ya pili alikuja mbuzi unde. Alikuwa mbuzi kamili, mwenye pembe na ndevu, isipokuwa alikula majani na kuyatoa nyuma yakiwa vipande vya mkaa wa kupikia. Filibert alikaribia kumpenda. Mbuzi akauliza, "Meee, urefu gani?" na Filibert alipokuwa bado anajikuna kisogo, mbuzi akaiona kanga kwenye kamba ya kuanikia. Dakika chache baadaye kanga ya shangazi yake Tadea, aliyetangulia kuja kwa ajili ya arobaini, ilikuwa mkaa, tena wa daraja la kwanza. Mbuzi aliomba radhi, akaacha mkaa kama fidia.

Siku ya tatu alikuja yule aliyeitwa Mfariji, mfyekaji wa bei ya juu kuliko wote. Alitengenezwa mbali, na waliomtengeneza walimjaza huruma mpaka pomoni.

"Pole sana kwa msiba," alisema, akiinamisha taa zake. "Huzuni yako naiona katika mapigo ya moyo. Uko katika hatua ya tatu ya maombolezo. Tukate urefu gani?"

Kabla Filibert hajajibu, geti lilisukumwa kwa goti. Aliingia Bi Minza Nkwabi, jirani wa upande wa pili wa michongoma, na sinia la vitumbua kichwani. Alikuwa Msukuma aliyeletwa Songea na mumewe, fundi wa reli, akazeekea hapo. Wangoni na Wasukuma ni watani, na Bi Minza aliifanya kazi ya utani kwa bidii kama ya mshahara. Siku ya mazishi alivaa kofia ya ukili ya marehemu, akasimama kando ya kaburi, akaiga sauti ya Wensela akilalamika kwamba chumba ni kidogo na hamwoni aliyefagia. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kofia ile aliondoka nayo, kama ilivyo haki ya mtani.

"Mngoni!" alipaza sauti. "Bado unahema? Nilidhani mwenzio ameshakuvuta."

"Karibu, Msukuma. Ng'ombe umemwachia nani?"

"Nimemwachia mwenzake anayefanana na wewe. Nakwambia, Wensela alikuwa mjanja. Alihesabu masufuria ya shughuli zenu akaona heri sanduku kuliko jiko. Mvivu yule! Kafa ili asisugue ukoko!"

Filibert alicheka mpaka chai ikampanda puani. Mfariji akawaka taa nyekundu.

"Nimesikia marehemu akidhalilishwa mbele ya mgane wake," alisema. "Mteja, simama nyuma yangu. Nimeshaita ulinzi." Akajisogeza katikati yao, visu vikizunguka.

"Kinasema nini hiki kikaango?" aliuliza Bi Minza.

Askari unde wa mtaa alitua uwanjani kwa vumbi. Alikuwa na magurudumu matatu na kofia ya kuchorwa.

"Mzee, huyu mama amekutukana?"

"Amenitukana."

"Amemtukana na marehemu mkeo?"

"Sana. Hata kaburini alimtukana."

"Unataka kumshtaki?"

"Nataka aendelee."

Kitu kikakwama ndani ya kifua cha askari, kikaachia. "Anakutukana kwa idhini ya nani?"

"Ya babu yake na babu yangu. Walipigana wakachoka, wakapatana. Silaha wakazika, matusi wakatuachia sisi."

"Na wewe bati," Bi Minza alimwambia askari, "nani alikupiga pasi uso?"

Askari alimgeukia. "Je, na mimi sasa ni mtani?"

"Bado. Mpaka ufiwe kwanza."

Askari akaondoka, na Mfariji akaondoka nyuma yake, akisema angemwombea mteja nafasi kwa mtaalamu. Bi Minza alitua sinia, akautazama uwanja. Palikuwa na ukanda wa udongo ulioungua na mahali palipogugunwa na mbuzi. Kwingine kote majani yalifika magotini.

"Hebu niambie, Mngoni. Nyinyi si ndio mashujaa wa vita? Mashine zote hizo, na umeshindwa na majani?"

Filibert alichukua kitumbua, akakigeuza bila kukila.

"Kila moja inaniuliza urefu."

"Si uzijibu viwili? Mtaa mzima unajua viwili. Mimi nikiwa kwangu na redio imewashwa nilikuwa nasikia viwili."

"Nikisema viwili," alisema Filibert, "zitakata viwili."

Bi Minza alimtazama mtani wake, akautazama mlango wa jikoni ambao Wensela alizoea kutokea, kisha akamkung'uta Filibert unga wa sukari kwenye shati kama mtu anayempiga.

"Mpumbavu wewe," alisema polepole. "Kula kitumbua. Mashine yako naijua mimi."

Ijumaa mchana aliingia mfyekaji ambaye hakujinadi kabisa. Rangi ilikuwa imembanduka, na gurudumu moja lililia kama kifaranga. Alikuwa mfyekaji wa ushirika, wa zile nyumba za kupanga ambako familia nyingi hugawana uwanja mmoja. Mafundi waliomuunda walijua kwamba wapangaji hawakubaliani hata juu ya taa ya uani, kwa hiyo walimnyima uwezo wa kumtii mtu mmoja. Bila sauti mbili tofauti hakuwaka. Watu wenye nyumba zao walimdharau kwa sababu hiyo, na Bi Minza alimkuta amelala katika ghala la ushirika akiwa na kuku juu yake.

Kesho yake, kabla ndugu hawajaanza kuchota togwa, walikusanyika barazani kutazama. Tadea naye alikuwepo, uso wake kwenye simu iliyoegemezwa juu ya dirisha. Filibert aliivuta suruali yake ya suti, akamsogelea mfyekaji.

"Sauti ya kwanza. Urefu?" aliuliza mfyekaji.

Filibert alikohoa. "Vidole viwili."

"Sauti ya pili. Urefu?"

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Bi Minza alitoka peku, kofia ya ukili imemwangukia jicho moja, mkono kiunoni vile vile, na akapita kwenye nyasi akiinua miguu vile vile.

"Viwili?" alisema kwa sauti ya Wensela. "Baba Tadea, unataka kuninyoa uwanja au kunizika mara ya pili? Vidole sita! Nataka umande, mimi. Nyoka gani mwenye akili atakuja kukaa na wewe?"

Baraza zima lililipuka. Shangazi aliyeliwa kanga alipiga vigelegele. "Nyoka yupo!" Filibert alijibu, naye sauti imempanda kama zamani. "Nilimwona!"

"Ulimwona mwaka gani? Ulikuwa mpira wa maji!"

"Alikuwa na kichwa!"

"Lilikuwa bomba!"

"Kuna ubishi," alitangaza mfyekaji. "Nitakata vidole vinne."

Akaondoka akilia gurudumu. Alipopita, ukoka ulilala na kusimama tena, na watu waliolijua boma lile wakasimama mmoja baada ya mwingine. Ukiacha ule ukanda ulioungua, uwanja ulikuwa umerudi kuwa ule wa siku zote. Filibert aliinama, akapima kwa kiganja. Vidole vinne. Miaka yote hakuna aliyewahi kuutaka urefu ule, na ndio walioishi nao. Kutoka dirishani, kwa kuchelewa kidogo, kilisikika kicheko cha Tadea, kisha akasikika akipenga kamasi.

Wageni waliondoka Jumapili. Wiki iliyofuata ilinyesha mvua, na ukoka ukapanda. Filibert alimtoa mfyekaji kibandani asubuhi, umande bado upo.

"Sauti ya kwanza. Urefu?"

"Vidole viwili."

"Sauti ya pili. Urefu?"

Kwa Bi Minza kulikuwa kimya, huenda alikwenda sokoni. Filibert alitazama huku na huku, akabana koo, akasema kwa sauti nyembamba, "Vidole sita."

"Hiyo ni sauti ya kwanza," alisema mfyekaji. "Nasubiri ya pili."

Filibert alivua viatu, akaviweka barazani. Akaketi kwenye majani karibu na mashine, suruali ikilowa. Wakasubiri pamoja. Umande ulikuwa baridi kuliko alivyodhani, na haukuwa mbaya. Miguu ilipoanza kufa ganzi hakuiondoa.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya michongoma wakati sauti ilipotokea upande wa pili, ikihema kwa mzigo.

"We Mngoni! Umekaa na hicho kikaango kama wake wenza waliofukuzwa! Na ole wako ukate kabla yangu. Vidole sita, nimesema!"

Taa ya mfyekaji ikawaka kijani.

"Kuna ubishi," alisema.

"Upo," alisema Filibert, akiinuka taratibu na kujifuta matope. "Kata."