Chungu cha Vidonge cha Mama Kisa

Wanawake wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hawafinyangi vyungu kimyakimya. Mmoja anaponda udongo, wa pili anasema watu, wa tatu anacheka mpaka anashika mbavu. Zamani Mama Kisa ndiye aliyewagomba kila chungu kilipopinda. Sasa aliwasikia akiwa kitandani. Walikuwa hatua ishirini tu, lakini kwake ilikuwa kama kijiji kingine.

Mumewe, Andongwisye, alikuwa ametimiza mwaka mmoja tangu afariki. Tangu hapo mwili ulimgomea Mama Kisa. Kichwa kilimgonga, mgongo uliuma, chakula hakikupita. Aliamka amechoka kama aliyetoka kulima. Alipima malaria mara tatu, hakuna kitu. Binti yake Kisa, aliyeolewa Karonga, Malawi, alimtumia vidonge kupitia kila mfanyabiashara aliyevuka mto Songwe.

Jirani yake Hosiana aliwaonya wenzake, "Mwacheni mgonjwa apumzike." Wakamwacha. Walimwacha mno.

Asubuhi moja akaja Tumpale, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Ugonile, mama?" alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga."

Tumpale aliona chungu kando ya kitanda, kimejaa vidonge.

"Heee! Mama Kisa, umefungua duka la dawa bila kunialika?"

Mama Kisa hakucheka. Tumpale akaacha utani, akaketi mkekani.

"Mama, nikuulize waziwazi. Umewahi kufikiria kujiua?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Machozi yakamtoka.

"Huwa nakitazama hicho chungu, mwanangu."

"Ndaga fijo, asante sana kwa kuniambia. Huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Msiba humhuzunisha kila mtu. Lakini huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, ikakunyima usingizi, chakula na nguvu, hiyo inatibiwa."

"Wanasema ni mawazo tu. Wengine wanasema nimerogwa."

"Hukurogwa, wala si mvivu. Sonona inaumiza mwili kweli. Ila dawa yake siyo hizi. Nipe hicho chungu."

Mama Kisa alikishika kwa muda mrefu. Kisha akamsogezea.

Siku hiyohiyo walipanda mtumbwi kwenda hospitali ya Matema, Hosiana akiwa nao. Daktari alimsikiliza, akampa dawa.

"Zitachukua wiki kadhaa. Usiziache bila kuniuliza. Na uje tuzungumze kila baada ya wiki mbili."

Akamgeukia Hosiana. "Wewe utamtunzia dawa. Na asikae peke yake."

"Mimi nilidhani nikimwacha namheshimu," Hosiana alisema kwa sauti ndogo.

Wiki za kwanza hazikubadilisha kitu. Hosiana alimfuata kila asubuhi, akamkalisha na wenzake hata asipogusa udongo. Wiki ya sita, Mama Kisa alilala mpaka jua likamkuta. Akaomba wali. Mgongo ukaanza kuachia. Siku nzito bado zilikuja, lakini sasa alimwambia Hosiana mapema.

Mwezi wa tatu alichukua chungu cha Nancy, mmoja wa wafinyanzi wenzake, akakigeuzageuza.

"Nancy! Hiki atapikia nani? Kimelala upande kama kimelewa. Vunja, anza upya!"

Wanawake wakatazamana. Hosiana akafuta macho kwa mkono wenye udongo.

"Amegomba," alisema. "Jamani, Mama Kisa amegomba!"