Nasambu Atafuta Kuku wa Watu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nasambu aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akawamwagia kuku wa nyanya yake mtama. Nyanya huyo, Kukhu Khalayi, ndiye aliyemlea hapo Navakholo, magharibi mwa Kenya. Nasambu alikuwa darasa la saba, na karo ya sekondari hakuiona itakakotoka. Miwa yao michache haikutosha hata kununua sabuni. Akaamua kuanzisha ufugaji wa kuku, akajenga kibanda cha udongo kwa mikono yake. Kilichobaki ni kuku wenyewe.

Huko kwao mtu humpa jirani tetea amfugie. Tetea akiangua, wawili hao hugawana vifaranga, naye tetea hubaki wa mwenyewe. Basi Nasambu akapiga hodi nyumba baada ya nyumba kutafuta watu wa kumwamini.

"Nani mwingine amekupa?" kila mtu aliuliza.

"Bado hakuna."

"Basi tutaona."

Tutaona! Neno hilo lilimchosha kuliko kutembea juani. Huyu anamngoja yule atangulie, yule anamngoja huyu, na kibanda kiko tupu. Siku moja alilia njiani kwa hasira.

Ndipo akamwambia Mzee Makhanu, mwenye mashine ya kusaga mahindi, "Mama Roda wa hoteli ya chai amenipa tetea."

"Roda, na ubahili ule? Basi Jumamosi njoo uchukue wangu."

Kisha akaenda kwa Mama Roda, akamwambia kwamba Mzee Makhanu ametoa. Mama Roda naye akakubali.

Jumamosi Nasambu alifika kwa Makhanu na tenga kichwani. Loo! Mama Roda alikuwa hapo na gunia lake la mahindi.

"Huyu hapa," Mama Roda alisema. "Mwambie mzee nilikupa kuku gani."

Makhanu akazima mashine ili wasikie vizuri. Nasambu akalishusha tenga tupu, akalificha nyuma yake. Watu waliokuwa wakingoja unga wakawacheka wakubwa hao wawili kwa kudanganywa na mtoto.

"Rudi na tenga lako," Makhanu akasema.

Nyumbani alilibwaga tenga chini. "Watu wa hapa wabaya, Kukhu! Hakuna anayetaka kutangulia. Ningefanya nini?"

"Hilo la kungojana linaudhi, kweli," Kukhu alisema. "Lakini njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Umewafanya watu wazima wachekwe. Kesho tukitoka kanisani utaenda kuwaomba msamaha. Na tetea wangu anayeatamia, mtie kibandani mwako. Mimi natangulia."

Kesho yake Nasambu alienda. Mama Roda alimkaripia kwanza, kisha akamsamehe. Makhanu alisikiliza tu, akaendelea kusaga.

Tetea wa Kukhu aliangua vifaranga kumi. Baada ya siku chache Makhanu alipita hapo, akachungulia kibandani.

"Ameangua wangapi?"

Waliobaki walikuwa sita. Ingekuwa rahisi kusema sita, na nani angejua?

"Kumi, mzee. Wanne wamechukuliwa na mwewe. Niliwaacha nje nikaenda kucheza."

Makhanu akageuka, akaondoka zake. Nasambu alijiona ameharibu tena, akakaa mlangoni ameshika tama.

Jioni mzee alirudi na tetea mwekundu, amefungwa miguu kwa katani.

"Mwewe simwogopi, hata kwangu hula," alisema. "Namwogopa mtu atakayenificha hasara. Nikikuachia mali yangu, sitalala hapa kuilinda. Nitategemea neno lako tu, Nasambu. Ukisema kweli hata pale inapokuumiza, watu watakuamini na mali yao. Sasa mpokee. Na kesho nenda kwa Roda. Nimepita kwake; anasema tetea wake yuko tayari, lakini habari ya mwewe anataka kuisikia kinywani mwako."